Taa hafifu za gari la zamani: Tatizo mara nyingi ni nyaya, si balbu

TAA za mbele za gari la zamani zinapofifia, wenye magari wengi hukimbilia duka la vipuri kununua balbu mpya. Balbu hufungwa, mwanga hubaki ule ule wa koroboi, na fedha zimekwisha kutumika. Aghalabu kosa haliko kwenye balbu hata kidogo. Liko kwenye njia ndefu ambayo umeme hupitia kutoka kwenye betri hadi kwenye taa, na kwenye njia ya kurudi ambayo ni wachache wanaokumbuka kuikagua.

Jambo hili si la kupuuzwa. Gari linalokwenda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kwa kila sekunde. Dereva mwenye taa hafifu katika barabara isiyo na mwanga, kama vile ile ya kutoka Mtito Andei kwenda Voi, anaweza kumwona mtembea kwa miguu au lori lililokwama wakati ambapo breki haziwezi tena kumfaa. Isitoshe, waya mbovu uliotengenezwa kiholela unaweza kuliteketeza gari lote.

Gari linalofaa kutolewa mfano ni Volkswagen Beetle, lile lenye umbo la kobe. Gari hilo lina historia ndefu nchini Kenya. Lilishinda mashindano ya Safari likiendeshwa na Vic Preston mwaka wa 1954, Gus Hofmann mwaka wa 1957 na Tommy Fjastad mwaka wa 1962. La mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 30, 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21 kuundwa. Hivyo basi, hata Beetle changa kabisa limeshapita miaka 20, na mengi yaliyosalia barabarani yana nyaya zilizodumu zaidi ya nusu karne.

Umeme unavyosafiri

Katika Beetle, injini iko nyuma na betri imefichwa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Taa kubwa ziko mbele kabisa. Umeme hulazimika kusafiri urefu wote wa gari hadi kwenye swichi ya taa katika dashibodi. Kutoka hapo huingia kwenye kifaa cha kubadilisha mwanga mkali, ambao madereva huuita fulu, na mwanga wa chini, yaani dimu. Kisha hupitia fyuzi na hatimaye hufika kwenye balbu.

Safari haiishii hapo. Umeme lazima urudi kwenye betri, na njia yake ya kurudi ni waya mfupi uliofungwa kwa skrubu kwenye bodi. Huo ndio waya wa ardhi, ambao mafundi huuita athi. Bodi yenyewe ndiyo inayofanya kazi ya waya mkubwa wa kurudisha umeme, hadi kwenye mkanda wa chuma unaoiunganisha na kichwa cha betri cha upande wa hasi.

Kila mahali waya unapounganishwa na kitu kingine pana uwezekano wa kuwa na kutu, vumbi au skrubu iliyolegea. Kila kiungio kibovu hunyang'anya sehemu ndogo ya nguvu. Viungio kumi vikinyang'anya sehemu moja ya kumi ya volti kila kimoja, taa itakuwa imepoteza volti nzima.

Hasara ya volti moja yaonekana ndogo, lakini sivyo. Mwanga wa balbu yenye uzi hupungua kwa kasi kubwa kuliko volti zenyewe. Balbu ya volti 12 inayopata volti 11 hupoteza karibu robo ya mwanga wake.

Kwa magari ya volti 6 hali ni mbaya zaidi. Volkswagen ilianza kuweka umeme wa volti 12 katika Beetle nyingi kuanzia modeli za mwaka wa 1967, ingawa baadhi ya aina za bei nafuu ziliendelea na volti 6. Kwa gari la volti 6, hasara ya volti moja humaanisha kupotea kwa karibu nusu ya mwanga. Aidha, balbu yenye wati zile zile huhitaji ampea maradufu katika mfumo huo, na kadiri ampea zinavyoongezeka ndivyo kiungio kibovu kinavyonyang'anya zaidi.

Rangi za nyaya

Fundi anayefungua nyaya za Beetle bila kujua lugha ya rangi zake ni sawa na msafiri asiyejua kusoma vibao vya barabara. Kwa utaratibu wa Kijerumani, waya mwekundu hubeba umeme wa betri wakati wote na husajiliwa kwa nambari 30. Waya wa kahawia ni athi, nambari 31. Mweusi hupata umeme ufunguo unapowashwa, nambari 15. Mweupe huenda kwenye fulu, nambari 56a, na wa manjano huenda kwenye dimu, nambari 56b. Nambari hizo hupatikana zimechorwa kwenye swichi na rilei nyingi, jambo linalorahisisha kazi hata pale ambapo rangi zimefifia.

Hapa pana mtego uliowanasa mafundi wengi. Katika magari ya Kiingereza ya enzi hiyo, kama vile Land Rover na Morris Minor, waya wa kahawia ndio unaobeba umeme wa betri wakati wote, na athi ni waya mweusi. Fundi aliyezoea Land Rover akiunganisha waya wa kahawia wa Beetle na betri, atakuwa ameunganisha betri moja kwa moja na bodi. Matokeo ni shoti, moshi na pengine moto. Baadhi ya magari hayo ya Kiingereza, tofauti na Beetle, yaliunganishwa upande chanya wa betri na bodi. Kwa sababu hiyo, mwenye gari anapaswa kuhakikisha fundi anaijua asili ya gari kabla hajamkabidhi koleo.

Kusoma dalili

Beetle lina faida moja kubwa kwa mtafutaji wa hitilafu. Taa zake kubwa zina fyuzi nne: fulu ya kulia, fulu ya kushoto, dimu ya kulia na dimu ya kushoto. Kwa kutazama tu ni taa ipi isiyowaka na katika hali ipi, mtu anaweza kukisia kosa liko wapi kabla hajafungua chochote.

Ikiwa taa moja pekee haiwaki katika hali moja pekee, kwa mfano dimu ya kushoto, kosa laelekea kuwa kwenye fyuzi yake, waya wake au uzi wa balbu hiyo. Fyuzi huangaliwa kwanza kwa sababu kuizungusha kidogo kwa kidole mara nyingine hurejesha mwanga. Ikitokea hivyo, ugonjwa umejulikana: vishikizo vya fyuzi vimeota kutu.

Ikiwa taa zote mbili zimekosa dimu lakini fulu inawaka, au kinyume chake, si rahisi balbu mbili na fyuzi mbili kufa siku moja. Mtuhumiwa hapo ni kifaa cha kubadilisha mwanga. Magari ya zamani zaidi yana swichi ya kukanyagwa kwa mguu wa kushoto, ambayo hupata maji na matope ya viatu. Yale ya baadaye yana kiwiko kwenye usukani kinachoendesha rilei iliyo nyuma ya dashibodi.

Ikiwa fulu na dimu zote hazipo ilhali taa ndogo zinawaka, kosa liko kati ya swichi ya dashibodi na kile kifaa cha kubadilisha mwanga. Swichi inayopata joto jingi mkononi baada ya dakika chache imechakaa ndani.

Ikiwa taa moja ni hafifu na nyingine ni kali, athi ya ile hafifu ndiyo inayopaswa kushukiwa kwanza. Dalili nyingine ya athi mbovu huwashangaza wengi: dereva akiwa kwenye dimu, taa ndogo ya buluu ya fulu iliyo mbele yake huwaka kwa mbali. Umeme uliokosa njia ya kurudi hupenya kupitia uzi wa pili wa balbu na kutafuta njia kwingine.

Hatimaye, ikiwa taa zote ni hafifu gari likiwa limesimama na injini ikinguruma polepole, kisha zikapata nguvu injini inapoongezewa kasi, nyaya za taa huenda hazina hatia. Ni lazima betri, dainamo, mkanda wake na kidhibiti cha chaji vikaguliwe. Hata hivyo, dainamo ya zamani huzalisha umeme kidogo injini inapokwenda polepole, hivyo kufifia kidogo kwenye foleni ni jambo la kawaida.

Kupima kabla ya kununua

Mita ndogo ya umeme ndiyo inayotenganisha ukweli na dhana. Kipimo cha kwanza hufanywa kwenye betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6, na ikionyesha 12.2 imebaki kama nusu. Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, mita inapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Kwa gari la volti 6, vipimo hivyo vyote hugawanywa kwa mbili.

Kipimo cha pili hufanywa taa zikiwa zimewashwa. Waya wa kwanza wa mita huwekwa kwenye kichwa chanya cha betri na wa pili kwenye ncha ya balbu inayopokea umeme. Katika Beetle, waya wa mita utahitaji kurefushwa ili ufike kutoka kiti cha nyuma hadi mbele. Mita haionyeshi nguvu ya betri hapo. Huonyesha kiasi kilichopotea njiani. Ikizidi nusu volti, njia ya kwenda ina kasoro.

Kipimo cha tatu hutazama njia ya kurudi. Waya mmoja wa mita huguswa kwenye ncha ya athi ya balbu, mwingine kwenye kichwa hasi cha betri. Hapa mita inapaswa kukaribia sifuri. Ikionyesha zaidi ya sehemu mbili za kumi za volti, athi inahitaji kusafishwa.

Ni muhimu vipimo hivi vifanywe taa zikiwaka na balbu zikiwa mahali pake. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba unaweza kuonyesha volti 12 kamili pasipo mzigo, kisha ukashindwa kabisa taa zinapowashwa. Fundi anayepima kiungio kilichochomolewa hudanganyika hivyo.

Iwapo hasara imepatikana, waya wa mita husogezwa nyuma hatua kwa hatua: kutoka kwenye balbu hadi kwenye fyuzi, hadi kwenye rilei, hadi kwenye swichi. Mahali ambapo kipimo kinashuka ghafla ndipo mwizi alipojificha.

Kusafisha na kurekebisha

Kabla ya kugusa waya wowote, athi ya betri hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho. Kisha kazi huanzia penye gharama ndogo. Vichwa vya betri husuguliwa hadi ving'ae. Vishikizo vya fyuzi hupigwa msasa mwembamba na kubanwa kidogo ili viishike fyuzi sawasawa. Skrubu za athi zilizo chini ya kifuniko cha buti, ambayo kwa gari hili iko mbele, hufunguliwa, chuma kikakwanguliwa hadi kionekane cheupe, na baada ya kukazwa hupakwa grisi ili kuzuia kutu.

Hatua hii ni muhimu zaidi kwa gari lililopakwa rangi upya. Rangi haipitishi umeme. Magari mengi yanayong'aa kama kioo yana taa za kusikitisha kwa sababu aliyepaka rangi alirudisha nyaya za athi juu ya rangi mbichi. Kwa magari ya Mombasa, Malindi na kwingineko pwani, hewa ya chumvi huota ukoga wa kijani kwenye shaba, na usafishaji huu hauna budi kurudiwa mara kwa mara.

Waya ambao ganda lake limekauka na kupasuka haufai kuzungushiwa utepe tu. Hubadilishwa kwa mwingine wa unene ule ule au zaidi, wa rangi ile ile, na viungio vyake hubanwa kwa koleo maalumu au kulehemiwa kwa risasi. Nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kufunikwa kwa utepe ni ahadi ya hitilafu nyingine.

Endapo kila kitu kimesafishwa na bado mwanga haujatosha, rilei mbili zinaweza kuongezwa karibu na taa, moja ya fulu na nyingine ya dimu. Waya mnene, wa milimita za mraba nne hivi, hutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye rilei hizo, ukiwa na fyuzi yake karibu kabisa na betri. Swichi ya zamani haibebi tena ampea zote za taa. Huiamrisha tu rilei, kazi inayohitaji sehemu ndogo mno ya ampea. Fyuzi nne za asili huendelea kuilinda kila taa. Kwa njia hii mwanga huongezeka na swichi kuukuu, ambayo ni adimu kupatikana, hupumzishwa.

Hatari ya moto

Makosa yanayoteketeza magari haya yanajulikana, na yote huanza kwa nia njema. La kwanza ni fyuzi bandia. Fyuzi nyeupe ya ampea nane ikiungua, mtu huweka nyekundu ya ampea 16, au huizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Tangu hapo kinachoungua shoti inapotokea si fyuzi tena bali waya wenyewe, ukiwa umefungwa pamoja na wenzake nyuma ya dashibodi.

La pili ni balbu kubwa kupita kiasi. Balbu ya H4 yenye wati 60 hutumia ampea tano, na fyuzi ya ampea nane huimudu. Balbu ya wati 100 hutumia zaidi ya ampea nane, hivyo fyuzi huungua, na mwenye gari hushawishika kurudi kwenye kosa la kwanza. Yaani tamaa moja huzaa nyingine.

La tatu ni waya mkuu. Katika Beetle, waya mwekundu unaotoka nyuma kuja mbele haulindwi na fyuzi yoyote. Ukipatikana umechubuka mahali unapopenya kwenye bodi, au umetafunwa na panya, urekebishwe siku hiyo hiyo.

La nne limejificha chini ya abiria. Kiti cha nyuma kina springi za chuma na kujazwa nyuzi kavu. Betri ndefu kuliko ile iliyokusudiwa, au iliyokosa kifuniko, inaweza kugusana na springi hizo mtu mzito anapoketi. Cheche hutokea na kiti hushika moto. Kila mwenye Beetle anafaa kuinua kiti leo na kuhakikisha kifuniko cha betri kipo.

Mwanga unaofaa barabara zetu

Mwanga mkali pekee hautoshi; lazima uelekee panapofaa. Taa zilizoundwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia huinua dimu yake upande wa kulia. Zikifungwa kwenye gari la Kenya, ambako magari hupita kushoto, huwamulika machoni madereva wanaokuja. Anayeagiza taa kutoka ng'ambo hana budi kutaja upande huo.

Vilevile, balbu za LED zinazouzwa siku hizi si dawa ya kila gari. Kioo cha ndani cha taa ya zamani kilichorwa kwa ajili ya uzi mdogo uliokaa mahali maalumu. Chanzo cha mwanga chenye umbo tofauti hutawanya mwanga ovyo, na gari linaloonekana kuwa na taa kali huwa halioni mbali. Wanaochagua H4, ambayo ilianza kutumika mwaka wa 1971, nao wakumbuke kwamba kitako chake hutofautiana na kile cha balbu za kale, na kwamba kioo chake hakipaswi kushikwa kwa vidole vitupu, kwani mafuta ya ngozi hufupisha maisha yake.

Baada ya matengenezo, gari huegeshwa usiku mahali tambarare, likitazama ukuta. Dimu za pande mbili zinafaa kuwa kwenye kimo sawa, zikiinamia chini kidogo, na nundu ya mwanga ikiwa upande wa kushoto. Kisha taa huachwa ziwake kwa dakika kumi injini ikinguruma, na mwenye gari apitishe mkono taratibu kwenye swichi, sanduku la fyuzi na viungio. Kiungio chenye joto bado kina kasoro, na gari hilo halijawa tayari kwa safari ya usiku.